Viatu vya Obadia

Kona hamsini na saba kutoka Chimala,
tulizihesabu kwa sauti kama zamani,
na kama zamani Tabita alitapika kwenye ya arobaini,
ila huyu ni Tabita mwingine, mjukuu aliyerithi jina na tumbo.
Juu, Matamba ilikuwa imejifunika ukungu hadi kidevuni.

Mama alisimama penye michongoma, kanga juu ya koti la mtumba,
akatuhesabu tukishuka kama anavyohesabu magunia:
Nehemia wa Makambako, mwenye duka la vipuri;
mimi wa Mbeya;
Keti na wanawe wanne wa Kariakoo,
wanatetemeka, wanauliza nani ameacha friji wazi.
Wa mwisho Obadia, miaka tisa hajaonekana,
kutoka nchi ambayo jua likizama Novemba
halina haraka ya kurudi.

Begi lake lilikuwa na kitu kwa kila mtu
na kitu kimoja kisicho cha mtu:
jozi ya nyavu ngumu, zenye fremu na mikanda.
"Viatu," alisema.
Nehemia alicheka hadi ulanzi ukamtoka puani.
"Vya theluji. Ukivivaa huzami."
Mama akakigeuza kimoja, akakipima kwa macho ya jikoni:
"Hiki kingefaa kuanikia dagaa."

Baba hakuwahi kuiamini ile theluji.
*Natembea juu ya maji yaliyolala, baba, na silowi*:
barua hiyo aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema,
"Hata Petro alizama."
Kisha akafa, mwezi wa saba, sakitu imekaza majani,
na Obadia hakuja: ndege, makaratasi, pesa,
sababu tatu ambazo hakuna aliyeziuliza tena.

Siku ya Krismasi, ibada imekwisha,
wapiga tarumbeta wanakung'uta mate,
mbuzi yuko nusu njia kati ya sufuria na sahani,
wingu likaja kutoka upande wa Kitulo, jeusi, tumbo la kijani.
Bati lilianza kusema.
Kwa dakika ishirini hakuna aliyesikia hata kwikwi yake.
Liliponyamaza, kilima kizima kilikuwa cheupe.

Watoto wa Kariakoo walitoka na vikombe, wakachota,
wakatia sukari, wakaila Krismasi kwa kijiko.
Mama naye alitoka. Akapita katikati yao, akainama shambani,
akanyanyua shina moja la kiazi:
majani yamekatwakatwa kama mboga ya kupika.
Hakusema. Alililaza tena, taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto.

Ndipo Obadia akaketi kizingitini, akafunga mikanda.
Suti ya kanisani, tai nyekundu, nyavu miguuni,
akapanda kilima miguu imeachana,
bata aliyeitwa ofisini.
Mvua ya mawe si theluji. Inaviringika chini ya kiatu
kama maharage yaliyomwagika.
Alianguka. Nehemia alicheka.
Alianguka tena. Nehemia hakucheka.
Tukamfuata na gambuti zetu,
mama mbele, jembe begani, sijui la nini.

Kaburi la baba lilikuwa jeupe, hata msalaba mabegani.
Obadia akalizunguka mara moja, polepole, akikanyaga vizuri,
kama fundi anayeonyesha kazi aliyoagizwa.
"Unaona, baba," akasema, na sentensi ikamfia mdomoni.
Tulisubiri. Upepo nao ulisubiri kidogo.
"Amekuona," mama akasema.
"Vivue sasa, unanikanyagia maua."

Saa kumi yote yalikuwa maji, yanashuka mtaroni na udongo wetu.
Usiku tulichambua njegere zilizopona kwa tochi za simu,
na Nehemia akapiga hesabu ya mbegu mpya
bila kuombwa.

Obadia aliondoka tarehe mbili. Viatu alivisahau, makusudi.
Juzi nilimpigia mama.
Kimoja kiko juu ya moshi wa jikoni, anaanikia uyoga.
Cha pili amekitundika ukutani, chini ya picha,
na jirani akiuliza ni nini
anajibu, "Ni cha mzee. Anatembelea."